"Mjane yuko wapi?" Ofisi za mirathi zisogee, lakini zituulize kwanza

NILIINGIA katika ofisi ile mjini Mbarara asubuhi na mapema, bahasha ya kaki mkononi, nikiwa na uhakika wa mtu aliyeandaa kazi yake vizuri. Ndani ya bahasha kulikuwa na cheti cha kifo cha kaka yangu, barua ya mwenyekiti wa LC One wa mtaa alikokuwa anaishi, nakala ya hati ya kiwanja na muhtasari wa kikao cha ukoo. Muhtasari niliuandika mimi mwenyewe kwa mwandiko wa mwalimu, herufi zimesimama kama askari.

Afisa alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akarudi wa kwanza. Akahesabu majina kwa ncha ya kalamu.

"Hapa naona watu 11," alisema. "Wote ni upande wa marehemu. Mjane yuko wapi?"

"Yuko kambini," nikajibu.

"Kambi gani?"

"Nakivale."

Akaniangalia kwa muda. "Mwalimu, Nakivale ni kilomita kama 60 kutoka hapa. Ninyi mmetoka Rwanda, mmevuka mpaka, mmefika. Yeye hamkumfikia?"

Sikuwa na jibu. Alinirudishia bahasha yangu kwa heshima, akaniambia niende nikaandike kikao upya, mjane akiwamo. Ndipo safari ya makala haya ilipoanza.

Naandika kwa sababu najua tuko wengi. Wako waliorudi nyumbani wakaacha ng'ambo ya mpaka kiwanja, duka, ng'ombe au deni. Wako wafanyabiashara wanaovuka kila wiki, wenye bohari upande mmoja na watoto upande wa pili. Siku mmoja wetu anapofariki, mali yake hulala katika nchi mbili, na ofisi ya mirathi tunayoitafuta hatujui iko wapi, inafunguliwa lini wala inataka karatasi gani.

Mali iliyobaki upande wa pili

Familia yetu ilikuwa katika wilaya ya Mbarara Oktoba 1982, wakati Wanyarwanda walipofukuzwa Ankole. Nilikuwa na umri wa miaka 2. Mama husimulia kwamba tulitoka na sufuria moja na blanketi. Baadhi ya wenzetu walikimbilia mpaka wa Rwanda, wengine wakasukumwa kwenye makazi ya wakimbizi. Sisi tuliangukia Nakivale, makazi yaliyokuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Huko ndiko nilikojifunza kusoma, chini ya paa la mabati lililopiga kelele mvua ikinyesha hadi mwalimu akaacha kufundisha.

Wazazi walirudi Rwanda baada ya 1994, wakapata ardhi Umutara. Wanaoijua historia hiyo wanakumbuka kwamba Mkataba wa Arusha, katika itifaki yake ya Juni 1993 kuhusu wakimbizi, uliwashauri waliokuwa nje kwa zaidi ya miaka 10 wasidai mashamba yao ya zamani ikiwa yameshakaliwa na wengine. Babu aliacha kilima kizima mwaka 1959. Baba hakukirudia, na hakulalamika. Alisema amani ina bei yake.

Kwa hiyo kwetu sisi neno urithi lilipata maana nyingine. Cha babu kilikwisha. Kilichobaki ni kile tulichochuma wenyewe uhamishoni.

Kaka yangu hakurudi. Alibaki Mbarara akiuza maharage sokoni, na kwa maharage hayo alinilipia ada hadi nikamaliza kidato cha sita. Baadaye alinunua kiwanja cha lizi mjini, akajenga nyumba ndogo na vyumba viwili vya duka. Lizi ni jambo la kuzingatia, kwa sababu sheria ya ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi ya kudumu. Anaweza kupata lizi tu, isiyozidi miaka 99. Itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, haikubadili hilo. Ardhi iliachwa chini ya sheria za kila nchi.

Mwaka 2019 mpaka ukafungwa. Wanaofanya biashara Gatuna na Kagitumba hawahitaji kukumbushwa miaka ile. Mgogoro wa nchi mbili ulipoanza kupoa, ugonjwa wa korona ukawa umeshaingia, na watu wa kawaida walianza kuvuka tena mwaka 2022 tu. Katikati ya kufungwa huko kaka alioa. Alichelewa kuoa, akampata mwanamke Mkongo, mkimbizi wa Nakivale, muuza vitenge. Mahari ilitolewa kambini mbele ya wazee, ikaandikwa, mashahidi wakasaini. Sisi tuliishuhudia arusi kwenye simu, picha ikikatika kila dakika. Nilimpigia wifi yangu vigelegele kupitia simu hiyo.

Mwaka 2023 kaka alifariki ghafla. Aliacha mjane na watoto wawili, mkubwa akiwa na miaka 3. Hakuacha wosia.

Kikao nilichokiandika mimi

Nakiri mbele yako msomaji, maana bila kukiri haya makala yatakuwa ya kinafiki.

Baada ya matanga wazee wa ukoo walikaa Nyagatare. Baba mdogo alifungua kikao kwa kusema kwamba mali ya kijana wetu isipotee kwa wageni. Mwingine akasema yule mwanamke hatumjui, hakuwahi kukanyaga kwetu. Ilikuwa kweli, ila hakukanyaga kwa sababu mpaka ulifungwa. Mama alikuwa amekaa pembeni, akalia tu. Wakaniambia, "Wewe ndiye uliyesoma. Andika."

Nikaandika. Niliandika kwamba ukoo umemteua baba mdogo kusimamia mirathi, kwamba duka litauzwa, na kwamba watoto "watatunzwa na ukoo". Jina la mama yao halikuonekana popote.

Mimi huyo huyo nina shamba Nyagatare nililopata baba alipofariki, nikagawana sawa na ndugu zangu wa kiume. Nililipata kwa sababu sheria ya Rwanda ya mwaka 1999 kuhusu mali ya wanandoa na urithi iliwapa mabinti haki sawa na wavulana, haki iliyoendelezwa na sheria ya mwaka 2016. Wajomba zangu wawili walinuna mwaka mzima. Nilijua vizuri ladha ya kusahauliwa kwenye karatasi, na bado nilishika kalamu nikamsahau mwanamke mwenzangu. Ilibidi mtu mgeni aulize mjane yuko wapi.

Sheria inasemaje

Kwa faida ya walio katika hali kama yangu, nieleze nilichojifunza kwa kwenda na kurudi.

Uganda ina Sheria ya Mirathi iliyotokana na sheria ya kikoloni ya mwaka 1906. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake vilivyowabagua wanawake, baada ya shauri lililofunguliwa na chama cha wanasheria watetezi wa haki za wanawake. Ilichukua miaka 15 kuziba pengo hilo. Bunge lilipitisha marekebisho, yakaanza kutumika mwaka 2022.

Zamani, mtu akifa bila wosia, mjane alipewa asilimia 15, watoto 75, ndugu tegemezi 9 na mrithi wa kimila 1. Sasa mjane au mgane anapata asilimia 20, watoto 75, ndugu tegemezi 4 na mrithi wa kimila 1. Tuseme mali ina thamani ya shilingi milioni 100 za Uganda: mwenzi milioni 20, watoto milioni 75, ndugu tegemezi milioni 4, mrithi wa kimila milioni 1. Nyumba ambayo familia ilikuwa ikiishi huwekwa kando kwa ajili ya mwenzi na watoto, na kuwafukuza humo ni kosa la jinai.

Nilipomweleza baba mdogo hesabu hiyo, alikaa kimya, kisha akauliza, "Na mama yenu?" Mama alikuwa akitumiwa fedha na kaka kila mwezi, kwa hiyo anaingia katika fungu la tegemezi. Baba mdogo mwenyewe ana ng'ombe wake na hakumtegemea mtu.

Sheria hiyo hiyo inampa mwenzi aliyebaki nafasi ya kwanza ya kuomba usimamizi wa mirathi. Inamtambua mwenzi wa ndoa halali, si hawara wala mchumba. Ndiyo maana karatasi ya mahari, hata kama ni ya daftari, itunzwe kama pasipoti.

Kuna jambo jingine linalowahusu hasa wavuka mpaka. Ardhi na nyumba zilizo Uganda hurithiwa kwa sheria ya Uganda, hata kama marehemu alikuwa mtu wa nchi gani. Mali inayohamishika, kama bidhaa, fedha na ng'ombe, hufuata sheria ya nchi ambayo marehemu alikuwa amefanya makazi yake ya kudumu. Kwa hiyo kikao kimoja cha ukoo hakiwezi kuamua yote kwa pumzi moja. Kaka aliishi Mbarara maisha yake yote ya utu uzima, hivyo kwetu swali halikuwa gumu. Lakini mfanyabiashara anayelala Kagitumba na kuweka mzigo Mbarara, familia yake itakutana nalo.

Utaratibu ni huu: kifo huripotiwa kwa ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu, familia hukutana mbele ya ofisi au kwa muhtasari unaokubalika, wakikubaliana hutolewa hati ya kutokuwa na pingamizi. Hati hiyo hupelekwa mahakamani, tangazo hutolewa kwa siku 14, na asipotokea mpingaji mahakama hutoa hati ya usimamizi. Msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Tangu marekebisho ya 2022, hati yenyewe hudumu miaka 2 isipoongezwa na mahakama, na msimamizi hawezi kuuza mali bila ridhaa ya mwenzi na watoto.

Nakivale mara ya pili

Nilipanda teksi asubuhi hadi Isingiro, kisha bodaboda hadi Base Camp. Sikuwa nimekanyaga Nakivale kwa zaidi ya miaka 20. Ziwa lilikuwa pale pale. Mengine yote yalikuwa yamebadilika: maduka ya Wasomali, makanisa ya Wakongo, Warundi, Waethiopia, watu zaidi ya 100,000 mahali ambapo mimi nilichunga mbuzi. Lugha ya njiani ni Kiswahili.

Wifi yangu alikuwa amerudi kwa mama yake upande wa New Congo. Duka la Mbarara alilikuta limefungwa kwa kufuli jipya wiki moja baada ya maziko. Kufuli lilikuwa letu.

Alinipa kiti, akanipa chai, akakaa mbele yangu na mtoto mgongoni.

"Wifi, umekuja kunifukuza au kunisalimia?" aliuliza.

Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi, na nimekuja kumwalika kwenye kikao. Akanyamaza. Kisha akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya mahari, vyeti vya watoto vya kuzaliwa, risiti za bidhaa na daftari la madeni la kaka, lililoandikwa hadi siku mbili kabla hajafa. Kila kitu ambacho ukoo wetu ulihangaika kukitafuta, yeye alikuwa nacho. Hakuna aliyemuuliza.

Nikamuuliza kwa nini hakwenda mwenyewe kwenye ofisi ya mirathi. Alinieleza kwamba alikwenda mjini mara mbili. Mara ya kwanza alielekezwa ofisi moja, akakuta karatasi mlangoni inayosema wamehamia jengo jingine; jengo lenyewe halikutajwa. Mara ya pili alipata ofisi nyingine, akapewa fomu ya Kiingereza, akaambiwa aijaze arudi. Nauli ya safari hizo mbili ilikuwa mtaji wake wa wiki nzima. Hakurudi.

Sitazitaja ofisi hizo. Makosa ya aina hiyo nimeyakuta pande zote mbili za mpaka. Lakini fikiri kidogo. Katiba ya Uganda ilifanyiwa marekebisho mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwanamke anayezungumza lugha rasmi ya nchi alishindwa na fomu moja.

Kusogeza ofisi si kusogeza meza

Kwa miaka mingi mambo ya Kabidhi Wasii Mkuu wa Uganda yalikuwa mambo ya Kampala, kilomita kama 270 kutoka Mbarara. Kuwapo kwa ofisi za kanda za Wizara ya Sheria na Mambo ya Katiba, Mbarara ikiwa mojawapo, kumepunguza safari hiyo. Ni hatua ya kupongezwa. Bila ofisi ya Mbarara, swali la "mjane yuko wapi" ningeulizwa Kampala, na huenda nisingekuwa na nauli ya kurudi kulijibu.

Jirani zetu nao wamewahi kupanga upya. Tanzania mwaka 2006 iliunda Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ambao uliweka chini ya paa moja usajili wa vizazi na vifo pamoja na kazi za Kabidhi Wasii Mkuu. Mantiki yake inaeleweka hata na mtoto wa shule: anayesajili kifo ndiye anayehitaji mirathi.

Kwa hiyo sipingi kupangwa upya. Ofisi hizi zitaendelea kupangwa upya, maana idadi ya watu inaongezeka, wilaya zinagawanywa, miji inakuwa majiji kama Mbarara ilivyokuwa Julai 2020. Swali langu ni moja: nani anaulizwa kabla meza hazijahamishwa?

Mimi nilidhani najua jibu la wanawake wa Nakivale. Nilidhani watasema, leteni ofisi hapa hapa Base Camp. Siku ya pili ya safari yangu nilikaa na wajane saba chini ya mti, marafiki wa wifi yangu, nikawauliza.

Watatu walisema hivyo hivyo: ofisi ije kambini, hata mara moja kwa mwezi, lakini isiwe siku ya mgao, kwa sababu siku hiyo hawawezi kuacha foleni.

Mmoja, mama mtu mzima mwenye fimbo, alisema apewe tu mtu wa kumsomea karatasi.

Watatu waliobaki walinishangaza. Walisema ofisi isije kambini kabisa. "Hapa shemeji zangu ndio majirani zangu," alisema mmoja. "Wakiniona naingia mlango ule, usiku sitalala. Mbarara hakuna anayenijua. Nipe nauli, niache niende mbali."

Nilikuwa nimekuja na kalamu kuandika pendekezo moja. Nikaondoka na matatu, na moja linapingana na jingine. Mpangaji aliyekaa ofisini na ramani angeona umbali tu, kilomita 60, akadhani kuziondoa ndiyo dawa. Kwa wale watatu umbali ndiyo kinga yao. Hilo haliko kwenye ramani yoyote. Liko vinywani mwa wajane, na haliwezi kutoka bila kuulizwa.

Tena linatatulika. Ofisi inaweza kuja kambini kwa siku maalumu na bado ikaacha mlango wa Mbarara wazi kwa anayetaka siri. Lakini anayepanga hawezi kulifikia jibu hilo kama hakulisikia swali.

Wafanyabiashara nao wana lao

Nikiwa njiani kurudi, kupitia Ntungamo hadi Mirama Hills, niliwauliza wafanyabiashara pale kwenye kituo cha pamoja cha mpakani. Wao hawakuzungumzia umbali. Walizungumzia muda.

Mzigo wa marehemu hausubiri hati. Nyanya zinaoza na maziwa yanaganda. Mwenye bohari anadai kodi kila mwezi. Mmoja aliniambia kwamba mwenzao alipofariki, bohari lilifungwa hadi ndugu wapatane, na walipopatana maharage yalikuwa yameliwa na fukusi. Mwingine alilia na madeni ya maneno: "Marehemu alinidai, nami namjua Mungu, nataka kulipa. Nimlipe nani? Kila ndugu anakuja na mkono wake."

Walichotaka ni kitu kidogo mno: ubao pale mpakani, kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kinyankole, unaosema mfanyabiashara akifariki ng'ambo nani aripotiwe, karatasi gani zinahitajika, na nani ana ruhusa ya kupokea deni.

Ofisi inavyotutaka sisi tufanye

Lile swali la afisa wa Mbarara halikutoka kwenye roho yake nzuri peke yake, ingawa nadhani anayo. Lilitoka kwenye kazi yenyewe. Ofisi ya mirathi haikubali muhtasari ambao wahusika hawamo. Inataka kuona majina na saini, inataka kujua kama mjane ameridhia, kama watoto wana mtu wa kuwasemea. Inajua kwamba uamuzi uliofanywa bila wahusika, hata ukiandikwa kwa mwandiko mzuri, utarudi mahakamani.

Basi kanuni hiyo hiyo iwe ya serikali pia. Kabla ya kuhamisha ofisi, kubadili siku zake, kuchapisha fomu mpya au kuunganisha idara, kuwe na kikao na muhtasari. Mwenyekiti wa LC awemo, baraza la wakimbizi liwemo, wafanyabiashara wa mpakani wawemo, na wajane wawemo, wakiulizwa peke yao mahali ambapo shemeji zao hawapo. Na mwisho wa kikao mtu asome majina aulize: nani hayupo hapa?

Kwetu sisi wananchi, nina ushauri wa aina ile ile. Andika wosia, hata wa ukurasa mmoja, mbele ya mashahidi wawili. Sajili ndoa yako. Andika madeni kwenye daftari na saini ya pande zote. Mweleze mwenzi wako karatasi ziko wapi. Na ukoo ukikaa, mwenye kalamu asiandike neno kabla hajaona nani anakosekana.

Tulikaa kikao cha pili Mbarara, nje ya nyumba ya kaka. Mama alivuka mpaka kwa mara ya kwanza tangu 2018. Wifi yangu alitoka Nakivale na watoto. Baba mdogo alikuja, akakaa mbali kidogo, akasaini wa mwisho. Tulikubaliana wifi na mimi tusimamie pamoja. Hati ya kutokuwa na pingamizi ilipatikana, mahakama ikatoa hati ya usimamizi, orodha ya mali tukaiwasilisha kabla ya miezi 6 kutimia. Kufuli letu tuliling'oa. Sasa chumba kimoja cha duka kinauza vitenge, cha pili kimepangishwa, na kodi yake inalipa ada ya chekechea. Mama anapata fungu lake.

Baba mdogo hajanisalimia tangu siku ile. Nadhani atanisalimia.

Muhtasari wa kwanza bado ninao, ndani ya bahasha ile ile ya kaki. Nimeutunza niwaonyeshe wanafunzi wangu wa kidato cha tatu ninapofundisha uandishi wa kumbukumbu za mikutano. Nawaambia wautafute kosa. Wanatafuta herufi kubwa, nukta na tarehe. Darasa la mwaka jana alinyoosha kidole binti mmoja wa nyuma kabisa, akauliza, "Mwalimu, huyu marehemu hakuwa na mke?"

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari wilayani Nyagatare. Alisomea Nakivale na Mbarara.